Kina Mama Wote Sanduku Moja

Ulishawahi kuona wanawake wa kambi nzima wakigeuka kuwa mtu mmoja?

Mimi niliona. Kambi ya wakimbizi ya Kanyaruchinya, mwaka 2024.

Na kabla hujaanza kuwaza uchawi, tulia. Ni kompyuta.

Naitwa Samy, natengeneza programu. Ofisi yetu iko mjini, mtaa wa Himbi; ni chama kidogo kinachosaidia watu waliopotezana wakati wa kukimbia vita. Programu ya kwanza inakuandikisha jina. Ya pili inakupa sanduku la ujumbe: anayekutafuta anaandika jina lako, ujumbe unakufikia. Rahisi kama kunywa maji.

Tatizo, huku kwetu mwanamke akishazaa, jina lake linaenda likizo. Anaitwa kwa mtoto wake wa kwanza. Mama Bénita. Mama Moïse. Mama Élodie. Na wote walijiandikisha hivyo hivyo.

Sasa, jina likisafiri kutoka programu moja hadi nyingine, ile nafasi tupu kati ya maneno hugeuzwa kuwa alama: %20. Programu inayopokea inatakiwa kuirudisha kuwa nafasi. Aliyenitangulia kazini, bwana Jeancy, hakujua kuirudisha. Akaona dawa ni kukata. Alama na kila kilicho nyuma yake, tupa kule!

Mama%20Bénita akabaki Mama. Mama%20Moïse akabaki Mama. Kambi nzima Mama mmoja, sanduku moja.

Nilipogundua nilishika kichwa. Siri za watu zinasomwa kama matangazo ya kanisani! Nikapanda pikipiki hadi Kanyaruchinya.

Nikakuta wamama wamezunguka simu moja. Mmoja anasoma kwa sauti, wengine wanamenya viazi.

"Mama Moïse, hii yako. Kaka yako iko Sake."

"Na hii ya nani?"

"Ya ule mama wa Masisi, mwenye anauzaka makala ya kupikia. Nitamupelekea."

Aliyekuwa akisoma ni Mama Bénita. Walipokimbia, alimshika binti yake Bénita, lakini mwanawe wa pili, Lévi wa miaka mitatu, alipotelea kwenye umati wa barabara ya Rutshuru. Tangu hapo alisoma kila ujumbe unaoingia, akitafuta jina hilo tu.

"Mama, hamuone haya kusoma mambo ya batu?" nikamuuliza.

Akanipandisha na kunishusha kwa macho. "Haya? Papa, siku ya kukimbia, haya tuliiacha kule kule na masufuria."

Wakacheka wote. Mimi nikanuna. Mtaalamu mzima nachekwa na watu wenye visu vya viazi!

Nikarudi Himbi, nikarekebisha. Kila nafasi ikarudi mahali pake, kila mama akapata sanduku lake na neno lake la siri. Ukiandika jina lisilokuwepo, programu inakujibu kwa adabu: *Samahani, mtumiaji huyu hayupo.* Sentensi hiyo niliitunga mwenyewe, na niliipenda sana.

Wiki chache baadaye Mama Bénita akaja ofisini kwa miguu.

"Papa Samy, sanduku yangu haina kitu."

"Ni juu hawajakuandikia, mama. Sasa iko yako peke yako."

"Peke yangu nitafanya nayo nini?"

Nikaona nimwelimishe. Nikafungua pale unapotupwa ujumbe uliokataliwa, nimwonyeshe jinsi programu yangu ilivyo kali.

*Kwa Mama Lévi.*

Chini yake, *Kwa Mama Lévi*. Chini yake tena, vilevile.

Nikasoma: "Ni mimi Munyakazi, mushonaji wa Rutshuru. Niko na mutoto, anasema anaitwa Lévi. Namuuliza dada yake ni nani, anasema Yaya tu. Mama, jibu basi."

Huku kwetu kila dada mkubwa ni Yaya; mgeni angemjuaje Bénita? Alimjua mtoto aliye naye, akamwita mama kwa jina la huyo huyo, kama yeyote kati yetu angefanya. Kwa ubovu wa Jeancy, ujumbe ule ungeingia moja kwa moja kwenye sanduku la kina mama wote, na Mama Bénita angeusoma siku ileile. Kwangu mimi uligonga mara zote, ukajibiwa kwa adabu kwamba mtumiaji hayupo.

Hayupo, naye amekaa mbele yangu kwenye kiti cha plastiki!

Tukapiga namba iliyoandikwa kwenye ujumbe. Fundi akampa mtoto simu.

"Lévi?"

"Mama, unakuya lini?"

Mama Bénita akaziba mdomo na kitenge. Mimi nililia, sifichi.

Ndipo bosi wetu, Papa Ferdinand, akachungulia mlangoni. "Samy, wageni wafadhili banauliza. Ile programu ingali na kosa?"

"Hapana, papa. Haina hata moja."

Na sikudanganya. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Basi, ndugu zangu, ukikuta kitu kibovu ambacho watu wamekizoea, waulize kwanza kinawafaa vipi, ndipo ukiguse. Mimi kompyuta nilizijua vizuri. Wale wamama sikuwauliza chochote.