Mwali Aliyeonekana Kabla ya Ngoma

Kwetu milimani, msichana akivunja ungo anawekwa ndani. Haonekani mpaka siku ya ngoma, na huko kutoonekana ndiko kunakomlinda wakati anafundwa. Mjukuu wangu nilimweka chumba cha nyuma, shule zikiwa zimefungwa. Dirisha nililiziba kwa gunia. Sikujua kwamba mama yake, kabla ya kurudi mjini kwenye biashara yake ya mitumba, alimwachia simu chini ya godoro.

Nilijulia sokoni Mkuyuni.

"Dada, mwali wako mzuri," muuza ndizi akaniambia.

"Umemwonea wapi?"

"Kwenye simu ya mwanangu, yule wa Kingolwira. Kajifunika khanga ya njano, nyuma yake kuna gunia."

Gunia langu. Niliziacha ndizi palepale.

Mtoto hakuficha. "Bibi, nilipiga picha moja tu, nikaiweka mtandaoni." Nikamwambia anisomee alichoandikiwa, maana mimi shule niliishia darasa la nne na yale maandishi ni madogo. Akasoma moja baada ya jingine. Mwanaume tusiyemjua alikuwa ameuliza: "Kwenu ni ile nyumba ya juu ya bomba la maji?"

Nikamwita mama yake, binti yangu, kutoka mjini. Akaja amenuna.

"Mama, watoto wote mjini wanazo akaunti."

"Na huyu wako ana miaka kumi na miwili. Walimkubalije?"

"Umri wake walikataa. Nikaweka mwaka wangu wa kuzaliwa."

"Kumbe ulijua ni mwiko."

"Ni namba tu, mama."

Picha binti yangu akaifuta mbele yangu. Lakini ilikwishachukuliwa, iko kwenye kurasa za watu wengine, khanga ya njano na gunia. Akawaandikia wenye mtandao waiondoe. Wakajibu kwamba mwenye akaunti ni mtu mzima na picha haina kosa.

Tukaenda mjini, ofisi ya serikali inayopokea malalamiko ya mitandao, mtoto tukiwa tumemfunika khanga. Kijana wa pale aliniamkia vizuri, akasoma yote, akashusha pumzi.

"Bibi, sheria ya kulinda watoto ipo. Ila kwa maandishi haya mtoto hayupo. Yupo mama wa miaka thelathini na minne."

"Na huyu aliyekaa hapa ni nani?"

"Ndiyo maana nataka cheti chake cha kuzaliwa. Na mama yake aandike kwamba ule umri aliuweka yeye."

Binti yangu akatazama chini. Akasema cheti kiko nyumbani, atakileta. Hakukileta. Nilipomuuliza akanijibu, "Nijiandikie mwenyewe kwamba ni mwongo, mama? Watu watanionaje?" Yeye anaogopa kuonekana. Mtoto wake ameshaonekana, hilo halimsumbui.

Siku ya ngoma ikafika. Desturi ni mwali aletwe amefunikwa gubigubi, watu wajae na hamu, kisha somo wake, kungwi aliyemfunda, amfunue. Mwaka huu hakuna aliyenyoosha shingo. Vigelegele vilipigwa kama vya kukodi. Somo aliposhika ile khanga nikamzuia mkono, nikamgeukia binti yangu.

"Njoo umfunue wewe. Si ndiwe uliyeanza?"

Akalia mbele za watu. Sikumbembeleza. Machozi hayaondoi picha, cheti ndicho kingeiondoa, na mpaka leo kiko sandukuni kwake. Ngoma inasema mjukuu wangu sasa ni mkubwa, lakini bombani haendi bila mimi.