Lenzi ya Benchi la Ukutani

Siku ya kwanza kazini nilifunikwa kichwa kwa kitambaa cheusi. Fundi Mkuu, mwenye studio ya picha hapa Lushoto mjini, alikuwa ameisimamisha kamera yake ya mbao barazani ikitazama njia ya kwenda sokoni. Aliniambia niingie chini ya kitambaa nimweleze ninachokiona. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Nilikuwa nimeishia darasa la saba, na aibu yangu ilikuwa kubwa kiasi kwamba nikitumwa dukani nilisubiri watu wote wahudumiwe kwanza.

"Unaona nini?" aliuliza.

Akauliza tena.

"Shikamoo," nikasema, maana nilikuwa nimesahau kumwamkia.

"Marahaba. Unaona nini?"

"Watu wanatembea kichwa chini."

"Wenyewe wanajua?"

"Hawajui."

"Basi usiwaambie. Karibu kazini."

Nimeifanya kazi hiyo miaka tisa. Sasa nina miaka ishirini na sita na wapo wanaosema nimestaafu. Watu wa umri wangu hawaandiki kumbukumbu za kazi, na mimi naandika polepole, aya moja kwa siku, nyingine siku mbili. Lakini kazi hii imebaki na watu wachache sana, na sitaki wadogo zangu waisikie kutoka kwa wale waliosema ni upuuzi.

Kamera kubwa ni sanduku lenye mikunjo ya ngozi katikati. Mbele kuna lenzi, nyuma kuna kioo chenye ukungu ambacho picha hutua juu yake ikiwa kichwa chini. Ukiridhika na unachokiona, unatoa kioo na kuweka kasha lenye filamu. Kamera ya Fundi Mkuu ilikuwa ya sentimita kumi na nane kwa ishirini na nne, na filamu yetu ilikuwa ya eksirei. Hospitali nyingi siku hizi zinatumia kompyuta, hivyo maboksi ya filamu za zamani yalitufikia, tena yakiwa na kipimo kilekile cha kamera. Filamu ya eksirei ina dawa pande zote mbili na inachubuka haraka, kwa hiyo tuliisafisha ikiwa imelala juu ya kipande cha kioo ndani ya beseni, chini ya taa nyekundu.

Mwaka wa kwanza nilibeba miguu ya kamera tu. Niliibeba hadi Kifungilo, tukapiga picha ya mstari wa miti na ukungu. Niliibeba hadi Mtae, ambako upepo wa mgongoni mwa mlima ulitikisa kila kitu, nikajifunza kuning'iniza mfuko wa mawe katikati ya ile miguu ili itulie. Kule Amani tulitumwa kupiga mti mmoja mkubwa wa msituni. Hapo Fundi Mkuu alinionyesha kwamba kamera haiinamishwi ili kupata kilele. Unaiacha wima, kisha unapandisha kile kibao cha lenzi peke yake, na kilele kinaingia bila mti kuonekana unaanguka.

"Lakini si kila lenzi inakubali kupandishwa," alisema. "Lenzi inamwaga duara la mwanga. Duara likiwa dogo, ukilisogeza tu, kona zinalala gizani."

Nayaeleza haya kwa sababu ndiyo yaliyonitoa kazini.

Kanisa letu liko chini ya mashamba ya chai. Lilijengwa na wazee kwa mbao za mkulo, mti mkubwa wa misitu yetu, na kamati iliamua libomolewe lijengwe kubwa zaidi. Katibu wa kamati ya ujenzi alikuja studio wiki mbili kabla.

"Tunataka picha ya ibada ya mwisho," alisema. "Kanisa zima, ukuta kwa ukuta, na kila mtu aonekane. Jumatatu yake mafundi wanaezua."

Fundi Mkuu alimwacha barazani. Aliniita ndani, mahali tunapooshea filamu.

"Ile picha ya jubilei iliyo kwenye ofisi ya kanisa lenu, unaijua?"

"Naijua, Baba," nikasema; nilimwita hivyo kwa heshima.

Kila mtu wa kanisani anaijua. Katikati unaona mpaka vifungo vya mashati. Pembeni, kwenye mabenchi mawili yanayoegemea ukuta, ni weusi mtupu. Kwetu kila benchi lina wenyewe, na haya ya ukutani yaliitwa ya wageni. Waliyakalia wachuma chai waliotoka mbali, na waliendelea kuyakalia hata baada ya kuzeeka hapa. Mama yangu alitoka Singida kuja kuchuma chai. Katika picha ile yumo kwenye ule weusi, na mimi nikiwa tumboni mwake.

"Niliipiga mimi," alisema Fundi Mkuu. "Nilitaka lenzi pana, nikanunua kwa kusoma namba. Sikupima duara. Nilipoambiwa watu hawaonekani, nikasema taa zilikuwa hafifu."

Macho yake yalikuwa yameshaingia mtoto wa jicho, na nadhani hakuona jinsi nilivyomtazama.

"Safari hii utachagua wewe," alisema. "Mimi kioo sikioni tena."

Lenzi ya kawaida ya kamera ile ilikuwa ya milimita mia tatu. Kutoka madhabahuni ingeona mabenchi ya kati tu. Ilibidi kupata lenzi pana, na lenzi pana ya kamera kubwa hupati mpya huku. Unapata mtumba. Kamati ilikubali kugharamia moja, na muuzaji wa vifaa vya picha akapanda kutoka Tanga siku ya Ijumaa na lenzi mbili, akiwa anarudi saa nane mchana.

Ya kwanza ilikuwa ya milimita mia na hamsini, inang'aa kama sufuria ya bibi harusi, shata yake, kile kipazia kinachofungua na kufunga mwanga, inalia vizuri kwa kila kasi. Ya pili ilikuwa ya mia na sitini na tano. Ilikuwa na mkwaruzo kwenye kioo cha mbele, vidoa vyeupe kama chawa pembezoni kwa ndani, na shata imekufa kabisa.

Meneja alikuwepo. Ni mtoto wa Fundi Mkuu, na ndiye aliyekuwa akiendesha studio kwa kamera za kisasa. Aliichukua ile inayong'aa.

"Mghosi, hii ndiyo tunachukua," alimwambia muuzaji, akimwita bwana kwa Kisambaa. Kisha akanigeukia. "Namba ndogo inaona pana. Hata mtoto anajua."

"Naomba niipime," nikasema.

Lenzi ya mtumba unaanza kwa kuimulika na tochi kwa nyuma. Ukiona nyuzi nyembamba kama mizizi, hiyo ni kuvu, na kwenye ukungu wa milima hii haipoi. Ukiona rangi za mafuta juu ya maji, gundi ya vioo imeachana. Vidoa vyeupe vya pembezoni ni rangi tu iliyobambuka, havidhuru. Mkwaruzo wa mbele ukiwa mwembamba unaweza kuishi nao, wa nyuma ndio mbaya. Lenzi zote mbili hazikuwa na kuvu. Kwa macho ya mtu wa kawaida, ile ya mia na hamsini ilikuwa imeshashinda.

Niliifunga kwenye kamera, nikaielekeza kwenye mlima wa ng'ambo, nikabana tundu lake la mwanga mpaka likawa dogo. Kioo chetu cha ukungu kimekatwa ncha za kona zote nne, na wengi hudhani kimevunjika. Pale ndipo unapochungulia. Unaweka jicho kwenye kona na kutafuta tundu la lenzi. Ukiliona mviringo kamili, mwanga unafika konani. Ukiliona limebanwa kama mbegu ya boga, mwanga unafika nusu.

Mimi sikuliona kabisa. Kona zote nne.

Nikachukua uzi. Kumi na nane kwa ishirini na nne, kutoka kona hadi kona ni thelathini kamili. Waashi wanaijua hesabu hiyo, wanaitumia kunyoosha msingi. Nikapima duara la mwanga juu ya kioo: ishirini na tatu.

"Hii ilitengenezwa kwa kamera ndogo kuliko yetu," nikasema. "Kule ni pana. Kwetu inaacha kona."

"Pana ni pana," alisema Meneja. Akaingia chini ya kitambaa, akatoka. "Kona za kioo huwa na giza siku zote. Hilo unalijua."

Ni kweli, huwa na giza. Ndiyo sababu hutakiwi kuamini kioo peke yake.

"Chungulia kwenye ncha iliyokatwa."

"Nichungulie nini? Wewe unataka tununue bomu halafu kamati initafute mimi? Shata imekufa, ile."

"Kanisani mwanga ni mdogo, picha inachukua sekunde nzima nzima. Nitatumia kifuniko kama shata."

"Na ikishindikana hivyo, wa pembeni si wasogee katikati? Wabanane kidogo, ni picha tu."

"Hawasogei."

"Kwa nini?"

Nilitaka kumweleza habari za benchi na mama na ule weusi. Nikafungua ile lenzi, nikafunga ya pili. Nikachungulia kona ya kwanza, nikaona tundu, mviringo. Ya pili, mviringo. Zote. Nikapandisha kibao cha lenzi vidole viwili, bado mviringo.

Fundi Mkuu alikuwa amekaa kwenye stuli, fimbo katikati ya magoti. "Unaliona?" aliuliza.

"Naliona, Baba."

Meneja alisogea karibu, akasema kwa sauti ya chini, ile ya mtu anayekupa nafasi. "Ukiiacha hii nzuri ukachukua hilo bomu, Jumatatu usije."

Nyumbani tulikuwa tunakula kwa kazi ile.

"Sawa," nikasema. Nikamwambia muuzaji tunachukua ya pili.

Jumapili niliegemeza mgongo kwenye ukuta wa madhabahu. Ilinibidi kusema na kanisa zima, jambo ambalo sikuwa nimewahi kulifanya, hata shairi la Krismasi nilimwachia dada yangu. Niliwaambia picha itachukua sekunde nane, watazame mbele, wasicheke, wasigeuke, na mtoto akilia aachwe alie.

"Na kupumua je, mwanangu?" aliuliza bibi mmoja wa benchi la ukutani.

"Pumua polepole, bibi."

"Sisi wa huku tupumue ya nini? Hatuonekanagi," akasema jirani yake, na benchi zima likacheka.

"Leo mtaonekana," nikasema. Nadhani hilo lilikuwa neno langu la kwanza kutoka kwa sauti kubwa mbele za watu. Wakatazama mbele. Nikatoa kifuniko, nikahesabu nane, nikarudisha.

Nilipiga filamu nne. Jioni ile nikazisafisha na kuinua ya kwanza kwenye taa. Sikutazama katikati. Nilianza kona ya kushoto chini, kwa kioo cha kukuzia, na pale nikakuta uso mdogo kama punje ya mtama, halafu mwingine, halafu wa mama. Nilihesabu wote, mabenchi yote mawili. Lenzi pana huvuta nyuso za pembeni, na baadaye mama alilalamika kwamba nimemnenepesha. Alilalamika kwa kila mgeni aliyekuja nyumbani, akimwonyesha yuko wapi.

Jumatatu sikwenda studio. Mwezi huohuo Fundi Mkuu naye alistaafu, akarudi shambani kwake kulima karoti. Mahali pa kuoshea filamu pamewekwa mashine ya kutoa fotokopi. Kamera ilikuwa mali yake mwenyewe, si ya studio aliyomwachia Meneja, akamwagiza mtu aniletee, na kamati ikaniachia ile lenzi kwa sababu hakuna mwingine aliyejua inafungwaje. Watu wakaniambia pole, nimestaafishwa mapema, nijifunze kushona. Cherehani ni kazi nzuri na sina ugomvi nayo. Lakini kustaafu ni kwa aliyemaliza, na mimi bado ninapewa maboksi ya eksirei, bado ninaitwa kwenye misiba na harusi za wanaotaka ukoo mzima uonekane. Wanaoniambia simu zimemaliza kazi hii, siwabishii. Naendelea kuifanya.

Filamu tuliipeleka Tanga, ikakuzwa kwa kompyuta mpaka upana wa mikono miwili iliyonyooshwa. Nikaipeleka ofisi ya kanisa mwenyewe. Katibu wa kamati alikuwa ameshanunua fremu, ya dhahabu, na fundi seremala yupo na wembe mkononi. Picha ilizidi fremu kila upande kwa kiasi cha kiganja.

"Hamna shida," alisema Katibu. "Kata pembeni hapa na hapa. Ni mabenchi tu hayo."

Seremala akaweka rula.

Nikaikunja picha kabla wembe haujagusa, nikaiweka kwapani.

"Binti, hiyo ni mali ya kamati."

"Ndiyo, mzee. Kamati ikileta fremu ya kipimo chake, nitaitoa."

"Utakaa nayo hapo mpaka lini?"

Kulikuwa na kiti karibu na mlango. Nikakikalia. Katibu alinitazama, akamtazama seremala, na seremala akarudisha wembe mfukoni, akatoa futi, akaniomba niikunjue kidogo apime.

"Ukuta kwa ukuta," nikamwambia, nikaikunjua nikiwa nimeishika mwenyewe.