Mashine ya Majani Ilivyotupeleka Kitendaguro

Tata, ndivyo tulivyomwita baba yetu, alikuwa mtunza uwanja katika shule moja ya misheni huko Muleba. Fahari yake ilikuwa mashine ndogo ya kukata majani, aliyoachiwa na padri mmoja aliyerudi kwao Ulaya muda mfupi baada ya Uhuru. Miaka ya ujamaa, vipuri vilipoadimika, ikaanza kutoa moshi wa bluu na kunywa oili, mwisho ikakataa kuwaka. Tata akasafisha plagi, akafungua kabureta. Wapi! Akarudia fyekeo.

Mtu pekee tuliyemjua anayeziweza injini ndogo alikuwa mume wa shangazi yangu, Mlutheri wa Kitendaguro, kando ya mji wa Bukoba. Tata, Mkatoliki wa kufa na kupona, hakwenda kwenye harusi yao, na kwa miaka saba hakumtaja dada yake nyumbani. Mimi nilikuwa mwalimu tayari, na nilikuwa nikiwatembelea kwa siri.

"Tata," nikamwambia, "uwanja umekuwa pori, na fundi ni shemeji yako."

Siku mbili akaendelea kufyeka. Ya tatu, tukitoka misa, akasema, "Uliza basi la Bukoba linapita saa ngapi."

Shangazi alipotuona mlangoni alishika mdomo. Kisha akaleta kahawa ya kutafuna, kama kwa mgeni yeyote. Mumewe aliinamia mashine tuliyokuja nayo. Alivuta kamba ya kuwashia mara mbili.

"Nyepesi mno."

Akatoa plagi, akamimina kijiko cha oili ndani ya silinda, akairudisha, akavuta tena. Safari hii kamba ilikuwa nzito.

"Umeona, muramu?" alimwambia Tata, ndivyo Wahaya tunavyomwita shemeji. "Oili imeziba pale ringi za pistoni zilipolika. Ingekuwa valvu, pasingebadilika kitu."

Ringi za saizi ile hazikuwapo Bukoba nzima. Alikuwa na za pikipiki, kubwa kidogo. Akampa Tata tupa ndogo, wakaketi benchi moja alasiri nzima, Tata akisugua ncha za ringi, mwenzake akizipima ndani ya silinda. "Bado. Bado kidogo."

Moja ikavunjika mkononi mwa Tata. Akaitazama, kisha akasema bila kuinua kichwa, "Nilikosa. Harusi yenu nilipaswa kuja."

"Shika nyingine, muramu," alijibu shemeji yake. "Polepole."

Jua lilikuwa bado juu ya migomba injini ilipowaka, kuku wakatawanyika, shangazi akatoka jikoni akicheka na kulia. Usiku ule Tata alikula ndizi za dada yake, akaongezewa, akala tena.

Mashine ilikata majani miaka mingine minne, kisha kranki ikavunjika, ukawa mwisho wake. Lakini kila msimu wa senene, panzi tunaowakaanga, shangazi na mumewe walikuja kwetu, na hakuruhusiwa mtu mwingine kwenda kuwapokea barabarani. Tata alikwenda mwenyewe, mapema, akiwa amevaa koti lake la misa, akasubiri basi.