Aliyesemwa Kliniki ni Mama

Juzi nilikuwa na mke wangu kwenye benchi la kliniki ya moyo, hapa Iringa, nikisubiri majibu yangu ya damu. Mbele yetu alisimama bwana mmoja, koti kalifunga vifungo vyote, na mkewe kashika kikapu.

Muuguzi alisoma karatasi ya yule bwana, akamgeukia mke.

"Mama, mafuta kwenye damu ya mzee yamepanda tena. Si nilikuambia upunguze mafuta ya kupikia? Unataka kumuua huyu baba?"

Mama akajifunga kanga vizuri. "Nisamehe, dada. Siku hizi mboga nachemsha tu, lakini nitapunguza zaidi."

Apunguze nini tena, maji? Nikamtazama mumewe, nikitegemea aseme neno. Alikuwa anachezea kifungo cha koti. Muuguzi akaendelea kumsema mama, benchi zima tunasikia, mpaka yule bwana akasema kwa sauti ndogo:

"Dada, mwache. Yeye hana kosa. Mimi nikitoka kazini napitia kwanza kula nyama ya kitimoto ya kukaanga, ndipo naenda nyumbani."

Mama hakumgeukia. "Najua, baba watoto," alisema. "Mashati yako nafua mimi."

Vidonge tunameza sisi wanaume, masimango wanameza wao. Nikainama kutazama viatu vyangu, na wanaume wote wa benchi lile walikuwa wanatazama vyao.

Mke wangu akanisogelea, akavuta kola ya shati langu, akainusa.