Siku Nilipomwita Mtani Wangu Mwizi

Hapa Kidete wapo watu ambao hadi leo nikipita mbele yao hujipapasa mifukoni na kuulizana, "Jamani, kila mtu ana kitabu chake?" na mimi nacheka nao kwa sababu sina la kufanya, aibu yenyewe niliitafuta kwa mikono yangu miwili. Afadhali niwasimulie mwenyewe, maana wakisimulia wao huongeza chumvi, na mkasa huu ulishakolea tangu mwanzo.

Tulikuwa tumeshahamishiwa kijiji cha ujamaa, nyumba zimepangwa mistari kama mahindi ya bwana shamba, na mimi nilikuwa najiandaa kwa mtihani wa fasihi ya Kiingereza, mtahiniwa wa kujitegemea, bila mwalimu. Nilikuwa na kitabu kimoja tu, mwongozo ulioachwa na mwalimu wa misheni aliyehama, nusu yake inaeleza istilahi (sitiari, taswira, kinaya na ndugu zao), nusu nyingine inafundisha insha, namna ya kuianza, namna ya kujenga hoja, namna ya kuimaliza. Istilahi nilizikariri hata nikipalilia: kinaya ni kusema hili ukimaanisha lile, kinaya ni kusema hili ukimaanisha lile. Tatizo ni kwamba kilisema msomaji mzuri haridhiki na neno lilivyo juu juu, huuliza kwa nini limesemwa, na mimi nikaanza kuwasoma watu hivyohivyo. Mama akisema chakula tayari, najiuliza kwa nini leo kimewahi.

Aliyeninyima usingizi zaidi ni Elia, karani wa duka la ushirika, kwa sababu naye alikuwa anafanya mtihani uleule na hakuwa na kitabu.

"Ndugu yangu, niazime siku moja tu ninakili zile istilahi," alikuwa akiniambia, kwa upole mno, na upole ule ndio ulionitisha. Mtu mwenye nia njema hana haja ya kuwa mpole kiasi kile.

Basi asubuhi moja, mtihani ukiwa wiki inayofuata, Elia akanipigia kelele kutoka barabarani kwamba jioni atapita kwetu. Nikakitoa kitabu darini (Elia ni mrefu), nikakitia kwenye pipa la mahindi, nikakumbuka panya, nikakitoa, mwisho nikakisokomeza ndani ya mkeka mkubwa wa mama uliokuwa umekunjwa na kusimamishwa pembeni, nikaenda zangu shamba la kijiji. Uamuzi ulioniponza ndio huo, mdogo tu.

Kabla ya adhuhuri habari ikatufikia shambani kwamba Bibi Tatu, jirani yetu, amefariki. Majembe chini, kila mtu kwao kuoga na kubadili nguo aende msibani. Nilipofika nyumbani mama alikuwa ameshatangulia, mlango uko wazi. Nikatazama darini, hakuna. Nikazamisha mikono kwenye pipa hadi mabegani, hakuna. Pembeni sikutafuta, kwa sababu palikuwa hapana kitu (naomba msinicheke bado, bado mbali). Nilikuwa nimekihamisha kitabu kile mara nyingi mno wiki ile, kichwani mwangu maficho yote yalishachanganyikana, ila jina la mwizi halikuchanganyikana hata kidogo.

Nikafika msibani natweta. Wanaume wamekaa uani, na Elia yupo kati yao, amevaa koti, jua lile, na koti limetuna kifuani. Nikajisogeza karibu naye, nikasema kwa sauti ya kutosha kila mtu asikie, "Kuna mtu ameingia kwetu leo akachukua kitabu changu."

Elia akatazama chini. Aliyejibu ni Mzee Maganga. Mzee Maganga ni Mnyamwezi, alikuja enzi za mkonge wa Rudewa, na Wanyamwezi na sisi Wasagara ni watani, ndiyo kusema msibani kwetu yeye ana ruhusa ya kututukana, kuficha majembe ya kaburi, hata kujilaza kaburini akidai chake, na sisi haturuhusiwi kukasirika. Haya nayajua tangu naanza kutembea.

"Kitabu? Nimekichukua mimi," akasema, akitafuna muhogo. "Karatasi zake laini, tumbaku inatulia vizuri. Hicho Kiingereza sasa nakitolea puani."

Watu wakaangua kicheko, hata wafiwa. Mimi sikucheka. Nikajiambia, mtu hukiri kweli akijificha ndani ya mzaha, amejianika mwenyewe.

"Balozi," nikamwambia balozi wetu wa nyumba kumi, "umemsikia. Huyu mzee ni mwizi, na Elia ndiye aliyemtuma. Apekuliwe."

Wanawake kule jikoni wakaacha kupepeta.

"Kijana, huyu ni mtani wako," balozi akasema polepole.

"Mtani ndiyo, lakini kitabu ni kitabu."

Mzee Maganga akainuka, akapanua mikono. "Nipekue, balozi. Anza na kwapa." Balozi akampekua kwa haya kubwa, akatoa kiko, wembe na kipande cha muhogo. Mtu mwenye akili angeomba radhi hapo. Mimi nikanyoosha kidole. "Na hilo koti?"

Elia akanitazama kama anayeniomba kitu, kisha akafungua vifungo. Ndani mlikuwa na mfuko wa sukari. Sukari yenyewe siku zile ilikuwa haionekani dukani, na yeye alikuwa ameiweka kando kwa ajili ya chai ya wafiwa, akaificha ili watu wasigombanie. Sasa watu wote wameiona, na wawili watatu wameanza kumuuliza mbona wao aliwaambia imekwisha.

Wakati huohuo shehe akaingia kwa ajili ya dua. Kwa kawaida yetu kila nyumba hutoa mikeka msibani, na mama alikuwa ametoa wetu, mkubwa, wa heshima, ndio uliowekwa akalie shehe. Vijana wawili wakaukunjua. Kitabu kikateleza, kikasimama miguuni mwa shehe.

Shehe akakiokota. "Hiki cha nani?"

Mama alisimama penye mlango wa jikoni akajifunika uso kwa khanga.

"Changu," akasema Mzee Maganga, akikitwaa. "Nilishakiri, mmesahau? Na wewe umekasirika na mtani wako msibani. Faini yako jogoo, na maji ya matanga uchote wewe."

Nikachota maji mto Mkondoa, ndoo juu ya kichwa, nyuma ya wasichana walionitaka niwafafanulie kinaya. Jogoo alikuwa wa mama. "Jogoo wangu, aibu yako," aliniambia akinikabidhi.

Nikampelekea Mzee Maganga. "Shikamoo, babu."

"Marahaba, balozi mdogo," akasema, akanirudishia kitabu akivuta sigara ya kusokota.

Nyumbani nikakikagua. Ukurasa mmoja haupo, umechanwa vizuri kabisa. Labda ulipotea tangu misheni, maana nusu ya insha nilikuwa sijaimaliza. Labda ulianguka kwenye mkeka. Labda mzee alisema kweli ambayo haikuwa kweli bado alipoisema. Kumuuliza ningehitaji jogoo wa pili, na mama hana.

Kwenye treni ya kwenda Kilosa kufanya mtihani nilimpa Elia kitabu bila kuombwa. Alikipekua hadi penye pengo, akaninyanyulia macho.

"Ukurasa wa hapa umeuficha wapi?"

Niliapa kwa kila ninachokiamini. Alitikisa kichwa kwa upole, na nikaujua ule upole, ndio niliokuwa nikimtazama nao. Toka siku hiyo sifichi kitu ndani ya chombo ambacho jirani anaweza kukiazima, na mtani akisema amekila kitabu changu namuuliza kama kilikuwa na chumvi ya kutosha. Mtihani nilipita kwa kujikokota. Ukurasa uliokosekana ulikuwa ule wa namna ya kumaliza insha, na ndiyo maana hadi leo nikifika hapa huwa sijui nifanye nini.