Kodi Iko Ndani

Wiki hii nimeona jambo hapa Gisenyi ambalo limenichanganya mpaka sasa.

Sote tunajua kwamba fundi cherehani hukaa kwenye baraza la duka la vitambaa bila kulipa kitu, maana yeye ndiye anayevuta wateja. Lakini tangu homa hii ya mafua, inayozunguka dunia, ifike kwetu, watu wamegoma kuingia madukani. Wanasimama barazani, wanaonyesha kitambaa kwa kidole, na fundi ndiye anayeingia kukileta. Jumatano nilimkuta hata mwenye duka amehamia barazani, amekalia kibao cha pili cha fundi.

Mara akaja mwenye nyumba kudai kodi. Alisimama barabarani, leso puani.

"Muzee, mi narudisha chumba," mwenye duka akamwambia. "Unipangishe baraza tu."

"Baraza haina kodi! Kodi ni ya nyumba."

"Nyumba haina mutu. Baraza ndiyo imejaa."

"Na huyu fundi?"

Fundi hakuinua macho kutoka kwenye cherehani. "Mi nilikuwa mugeni hapa. Sasa sijui."

Mwenye nyumba akatazama mlango, akatazama baraza, akakuna kidevu.

"Bon, haya. Ya mwezi huu iko wapi?"

"Iko ndani, juu ya meza. Ingia, muzee, nyumba ni yako."

Hakusogea. Mimi bado sijui kama duka ni kuta au ni watu. Ninachojua ni kwamba mwenye nyumba, leso ingali puani, alimpungia mkono yule asiyelipa kitu.

"We fundi, niletee."