Kichwa cha Shemeji Kiooni

Kila asubuhi, kabla ya kuwasha lori, Shangazi Rivasi alifuta vioo vya pembeni kwa ncha ya kitambaa chake cha kichwa, kisha akautafuta mlingoti wa geti kwenye kioo cha kulia. Akiuona, husema, "Nakuona, mzee." Wapakiaji wa kiwanda cha matofali ndio waliompa jina la Rivasi, maana kwa kurudi nyuma hakuwa na mpinzani.

Siku hiyo kioo cha kulia kilikuwa kipya. Kile cha zamani, bapa, kilivunjika jana yake, bosi akaleta kilichovimba katikati kama tumbo la chungu. Mlingoti ulionekana mwembamba kama mpini wa ufagio, huko mbali.

"Bosi, hiki kinasogeza vitu mbali."

"Kinaonyesha uwanja mzima! Wenzako wanakililia. Twende kazi."

Akatia gia.

Kipimo chake kilikuwa kichwa cha shemeji, mdogo wa mumewe, aliyesimama ukutani kumwongoza. Kichwa kikifika ukubwa wa ngumi kiooni, anakanyaga breki.

"Shukuru nina kichwa kikubwa," shemeji humtania. "Ningekuwa na kidogo ungeshanipaka ukutani kama rangi."

Sasa alikuwa akiita, "Njoo! Njoo!"

Kichwa kilikuwa kama yai. Miaka yote, yai maana yake nafasi bado tele. Akarudi. Bado yai. Mkono ukapanda juu, mdogo kama wa mwanasesere, na sauti ikaja karibu mno, karibu kuliko picha yenyewe:

"Shemeji, weee!"

Akasimamia breki kwa miguu yote miwili.

Aliposhuka, bodi ya lori ilikuwa imebana pindo la shati la shemeji ukutani. Mwenye shati alikuwa amejikunja pembeni, midomo imemkauka.

"Si mzima huyo?" bosi akasema. "Utakizoea. Na wewe, simama palepale, mzigo unangoja."

Shangazi akapanda, akasogeza lori mbele, akatazama. Kichwa kile kidogo, kule mbali, kilijaribu kucheka.

"Leo nina kichwa kidogo, eh, shemeji?"

Akazima injini.

"Toka hapo ukutani kwanza," akamwambia, na hakushuka mpaka shemeji alipotoka. Kisha akamkabidhi bosi ufunguo.

"Ukivuka hilo geti, usirudi!"

"Haya."

Alipofika getini aliugusa mlingoti kwa kiganja. Ulikuwa palepale, mnene kama siku zote. Akapita, wala hakurudi.